Nyumba Inamtii Nani: Miaka Sitini ya Taa, Muziki na Sauti Vinavyoendeshwa kwa Programu

Taa ikijiwasha yenyewe jua linapozama, ujue kuna mtu aliyekwisha kuiandikia amri: jua likizama, na kama kuna mtu nyumbani, waka. Historia ya nyumba janja mara nyingi husimuliwa kama historia ya vifaa, kila kimoja kidogo na nafuu kuliko kilichotangulia. Masimulizi ya namna hiyo huacha jambo zito zaidi, nalo ni mahali amri hiyo inapokaa na nani anaruhusiwa kuibadilisha. Kwa miaka sitini amri imekuwa ikihama. Ilianza kwenye makabati ya chumba cha chini ya nyumba, ikapita kwenye nyaya za ukutani, ikapelekwa kwenye seva za kampuni zilizo mbali, na sasa wapo watu wengi wanaoirudisha nyumbani. Kila uhamisho ulikuwa na sababu, na kila mmoja uliacha gharama.

1959–1969: Taa yakubali kuongozwa

Zamani kufifiza taa kulihitaji kifaa kikubwa kilichozuia sehemu ya umeme na kuigeuza joto la bure. Kifaa hicho kilifaa kumbi za maigizo, si sebule ya mtu. Mwaka 1959 Joel Spira, mwanafizikia aliyekuwa akifanya majaribio nyumbani kwake New York, alitumia thairista, kipande cha kielektroniki ambacho wakati huo kilikuwa kigeni kabisa majumbani. Badala ya kuunguza umeme wa ziada, kifaa chake kiliukata na kuurudisha mara 120 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Mtu anaona mwanga hafifu tu. Kikaingia kwenye kisanduku cha swichi ya ukutani. Mwaka 1961 Spira na mkewe Ruth walianzisha kampuni ya Lutron, huko Pennsylvania.

Ugunduzi huu hautajwi sana, lakini ndio uliofungua njia. Tangu hapo mwanga wa chumba kizima uliweza kuongozwa na ishara ndogo ya kielektroniki, na ishara ndogo ndiyo kitu ambacho kompyuta inakiweza.

Kompyuta yenyewe ilifika nyumbani mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1966 Jim Sutherland, mhandisi wa Westinghouse mjini Pittsburgh, aliunda mashine aliyoiita ECHO IV kwa vipuri ambavyo kampuni yake haikuvihitaji tena. Ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 360, ikakaa kwenye makabati manne chini ya nyumba yake, ikiongoza saa za nyumba nzima na kutunza hesabu na kumbukumbu za familia. Haikuuzwa. Miaka mitatu baadaye Honeywell ilitangaza kompyuta ya jikoni katika katalogi ya duka la Neiman Marcus kwa bei iliyozidi dola 10,000, pamoja na mafunzo ya wiki mbili kwa mnunuzi. Hakuna ushahidi kwamba hata moja ilinunuliwa. Aliyeibuni hakujiuliza mpishi anahitaji nini. Alijiuliza mashine inaweza nini. Kosa hilo limerudiwa mara nyingi tangu hapo.

1970–1980: Kutoka santuri hadi taa, Glenrothes

Hatua kubwa ilitokea Scotland, katika mji wa Glenrothes, na chanzo chake kilikuwa muziki. Kampuni ndogo ya Pico Electronics, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilikuwa ikibuni chipu za vikokotoo. Bei za vikokotoo ziliposhuka, Pico ikatafuta kazi nyingine, ikashirikiana na BSR, kiwanda cha Uingereza kilichokuwa kikitengeneza vichezeshi vya santuri kwa wingi sana. Matokeo yake yakawa Accutrac, gramafoni iliyoweza kuchagua wimbo mmoja katikati ya santuri: jicho la kielektroniki lilitambua nafasi laini kati ya wimbo na wimbo, na mkono ukashuka hapo hapo. Msikilizaji aliiamuru kwa rimoti akiwa kwenye kiti chake.

Swali lililofuata halikuepukika. Kama muziki unaweza kuamrishwa kutoka kwenye kiti, taa je? Mwaka 1975 wahandisi wa Pico walianza mradi wao wa kumi, na jina la mradi likabaki kuwa jina la mfumo: X10.

Ubunifu wake ulikuwa kutotandika waya mpya hata mmoja, kwani waya wa umeme tayari unafika kila chumba. Umeme wa majumbani ni wa kupishana: volti hupanda, hushuka, hubadili mwelekeo, na kila inapobadili mwelekeo inapita kwenye sifuri. Wahandisi walikichagua kitambo hicho kifupi. Hapo ndipo X10 ilituma mlio wa kilohezi 120 uliodumu milisekunde moja. Mlio ukisikika, hiyo ni moja. Usiposikika, ni sifuri. Kwa moja na sifuri hizo kifaa kilitajwa anwani yake, kisha kikaambiwa la kufanya: waka, zimika, punguza mwanga, ongeza. Anwani ilikuwa herufi kuanzia A hadi P na namba kuanzia 1 hadi 16, yaani anwani 256 kwa jumla, na mwenye nyumba aliziweka kwa kugeuza vigurudumu viwili vidogo kwa bisibisi.

Mwaka 1978 X10 iliingia kwenye maduka ya Radio Shack, Marekani. Mwaka 1980 jarida la Byte lilichapisha makala ya Steve Ciarcia iliyoonyesha namna ya kuiunganisha na kompyuta ya nyumbani, na baadaye kikatoka kifaa rasmi cha kazi hiyo. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida mwenye kompyuta ndogo aliweza kuandika programu jioni, na taa ya ukumbini ikaitii usiku huo huo.

Kasoro zake zilikuwa kubwa, na ni vema tuzitaje kwa kuwa ndizo zilizoamua kilichofuata. Mawasiliano yalikwenda upande mmoja: mtumaji alituma, hakujua kama taa iliwaka. Televisheni na vifaa vingine viliweza kuimeza ishara njiani. Nyumba za Marekani hupokea umeme kwa matawi mawili, na ishara iliyoanzia tawi moja mara nyingi haikufika la pili. Kisha palikuwa na jirani: ishara haikujua mpaka wa kiwanja, kwa hiyo nyumba mbili zilizotumia transfoma moja na herufi moja ziliweza kuzimiana taa. Pamoja na hayo yote, amri ilikaa nyumbani kabisa. Hakuna kampuni iliyohitaji kuwa hai ili taa iwake.

1984–2004: Itifaki nyingi, nyumba chache

Miaka ishirini iliyofuata ina matukio mengi na mabadiliko machache. Mwaka 1984 chama cha wajenzi wa nyumba cha Marekani kilianza kueneza wazo la nyumba yenye akili. Mwaka 1989 Profesa Ken Sakamura alifungua jijini Tokyo nyumba ya majaribio ya mradi wa TRON, iliyojaa kompyuta zilizoongoza madirisha, hewa na mwanga. Ulaya, viwanda vya vifaa vya umeme viliafikiana kutumia waya mmoja maalumu wa mawasiliano ndani ya jengo. Makubaliano hayo ndiyo yaliyozaa KNX mwaka 1999. Mfumo huo ni imara na bado unatumika, lakini unataka waya wake utandikwe wakati nyumba inajengwa. Matajiri na hoteli wakaupata, wengine wakasubiri.

Redio ndiyo iliyoleta ahueni. Zensys ya Denmark ilitoa Z-Wave, na mwaka 2004 kukawa na Zigbee. Katika zote mbili, kifaa kimoja hupokea ujumbe na kuupitisha kwa kingine hadi ufike, na jibu hurudi kwa mtumaji. Kasoro kubwa ya X10 ikawa imepata dawa.

2001–2005: Muziki wafuata vyumba

Muziki, uliochokoza taa, wenyewe ulibaki nyuma. Kupeleka wimbo mmoja vyumba vitatu kulihitaji amplifaya kubwa na nyaya zilizopita darini. Mwaka 2001 kampuni ya Slim Devices ilianza kuuza kichezeshi kidogo kilichochukua nyimbo kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani kupitia mtandao, na programu yake ilikuwa huria. Mwaka 2002 John MacFarlane na wenzake watatu walianzisha Sonos huko Santa Barbara, California, na bidhaa yao ya kwanza ikafika sokoni mwaka 2005.

Ugumu waliokutana nao ni wa kusisimua. Taa mbili zikipishana nusu sekunde kuwaka, hakuna anayelalamika. Spika mbili zikipishana hata sehemu ndogo ya kumi ya sekunde, aliyesimama mlangoni kati ya jiko na sebule anasikia mwangwi, na wimbo umeharibika. Kila spika ina saa yake ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa daima. Ilibidi spika moja iwe kiongozi wa wakati, kila kipande cha wimbo kiandikwe muda kamili wa kupigwa, na nyingine zijirekebishe bila kukoma. Wi-Fi ya majumbani wakati huo haikuaminika, kwa hiyo Sonos iliunda mtandao wake yenyewe, spika ikipitisha ujumbe kwa spika. Kwangu mimi hii ndiyo kazi safi kuliko zote katika historia hii: mtumiaji hakuona chochote, alisikia wimbo tu.

2012–2013: Balbu yenye anwani, na Mholanzi wa San Diego

Tarehe 30 Oktoba 2012 Philips ilianza kuuza Hue kupitia maduka ya Apple: balbu tatu za LED za kubadili rangi pamoja na kisanduku kimoja cha kuziunganisha, kwa dola 199. Kisanduku kiliongea na balbu kwa Zigbee, na upande wa pili kiliunganishwa na ruta ya nyumbani. Wapenzi wa programu waligundua upesi kwamba kinapokea amri zilizoandikwa kwa maandishi ya kawaida ya intaneti: mwanga ni namba kuanzia 1 hadi 254, rangi ni namba kuanzia 0 hadi 65,535. Philips haikuwazuia. Mwaka 2013 ilitangaza rasmi namna ya kuziandika, na uamuzi huo ulikuwa na matokeo makubwa kuliko balbu zenyewe.

Paulus Schoutsen, Mholanzi aliyeishi San Diego, alianza mwaka huo huo kuandika programu fupi kwa lugha ya Python. Iliangalia mambo mawili. Kwanza, jua linazama saa ngapi leo mahali hapa. Pili, simu za wenye nyumba zimeunganishwa na ruta, au hazipo. Giza likikaribia na mtu yupo, taa ziliongezeka mwanga polepole; wote wakiondoka, zikazimika. Hakuna aliyebonyeza kitu. Aliitoa bure kwa jina la Home Assistant, na kila aliyekuwa na kifaa chake akaongeza kipande cha programu cha kukiunganisha. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012 kwa dola 35, ikatosha kuiendesha.

Amri ndani ya mfumo huu ina sehemu tatu, na anayezielewa ameelewa kazi yote. Kichocheo: mlango wa mbele umefunguliwa. Sharti: ni baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Kitendo: washa taa ya ukumbi kwa nusu ya mwanga, na kama muziki unapigwa sebuleni, punguza sauti. Wengi huandika kichocheo na kitendo, wakasahau sharti. Ndiyo maana taa zao huwaka mchana kweupe.

1952–2014: Sikio la mashine

Njia ya sauti ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 1952 watafiti wa Bell Labs waliunda Audrey, mashine iliyotambua tarakimu kuanzia sifuri hadi tisa, na ilifanya vizuri pale tu iliporekebishwa kumfuata msemaji mmoja. Mwaka 1962 IBM ilionyesha Shoebox katika maonyesho ya dunia ya Seattle. Ilielewa maneno 16. Mwaka 1976 Harpy ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilifikia maneno 1,011. Kisha watafiti waliacha kujaribu kuifundisha mashine kanuni za matamshi, wakaanza kukokotoa uwezekano: sauti hii, baada ya sauti ile, ina uwezekano gani wa kuwa neno fulani? Mbinu hiyo ilidai rekodi nyingi mno za watu wakizungumza. Lugha iliyorekodiwa sana ikasikika. Isiyorekodiwa ikabaki bubu mbele ya mashine.

Baada ya Siri, msaidizi wa sauti wa simu za Apple, kutoka mwaka 2011, sauti ilihama kutoka mfukoni hadi mezani. Novemba 2014 Amazon ilitoa Echo, spika ya umbo la mcheduara yenye maikrofoni saba ili imsikie mtu aliye mbali hata muziki ukiwa unapigwa. Ndani ya spika kulikuwa na kazi moja tu ya usikivu: kungoja jina Alexa. Likitamkwa, maneno yaliyofuata yalirekodiwa na kutumwa kwenye seva za Amazon. Huko yaligeuzwa maandishi, maandishi yakatafutiwa kusudi, na amri ikarudi kwenye taa. Taa iko hatua tatu kutoka kwa msemaji, na maneno yake yamesafiri maelfu ya kilomita.

Urahisi wake ulikuwa wa kweli. Mtu asiyeona, au asiyeweza kuinuka kitandani, alipata kuwasha taa bila kumwita mtu. Tusiudharau ushindi huo tunapohesabu gharama.

2014–2025: Gharama yajitokeza

Mwaka 2014 kampuni ya Nest, iliyokuwa imenunuliwa na Google kwa dola bilioni 3.2, ilinunua kampuni ndogo iitwayo Revolv, mtengenezaji wa kisanduku cha dola 300 kilichounganisha taa na vifaa vingine. Mwezi Mei 2016 seva za Revolv zilizimwa. Visanduku vilikuwa vizima, havikuwa na hitilafu yoyote, na siku hiyo havikuweza tena kuwasha hata balbu moja. Aprili 2022 wateja wa Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumba janja, walikutwa na jambo kama hilo bila taarifa; kundi la wateja wenyewe likainunua kampuni na kuziwasha seva upya. Kati ya matukio hayo mawili, tarehe 28 Februari 2017, hitilafu katika huduma ya Amazon ya kuhifadhi data ilizuia watu kuwasha taa za nyumba zao. Mwaka 2019 ikafichuka kwamba wafanyakazi wa Amazon walikuwa wakisikiliza baadhi ya rekodi za Alexa ili kuiboresha. Hata Sonos haikusalimika: programu yake mpya ya simu ya Mei 2024 iliondoa uwezo ambao wateja waliutegemea, na Januari 2025 mkurugenzi wake mkuu akaachia ngazi.

Kampuni kubwa zilijibu kwa makubaliano ya pamoja. Oktoba 2022 zilitoa Matter, itifaki inayowezesha vifaa vya Apple, Google, Amazon na wengine kuelewana moja kwa moja ndani ya nyumba. Nionavyo, hiyo ni hatua njema iliyochelewa miaka minane.

2022 hadi leo: Amri yarudi nyumbani, na Kiswahili chake

Watengenezaji wa Home Assistant hawakuisubiri Matter. Waliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa sauti, na lengo lilikuwa kila mtu aongee na nyumba yake kwa lugha yake bila maneno kutoka nje ya kuta. Desemba 2024 walitoa kifaa chao cha sauti kwa dola 59. Mwaka huo mradi wao ulikuwa kileleni kwa idadi ya wachangiaji kwenye GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu hushirikiana.

Hapa Kiswahili kinaingia, na kinaingia kikiwa na deni. Google iliongeza Kiswahili kwenye utambuzi wake wa sauti Agosti 2017, lakini kuandika ujumbe wa simu kwa sauti si sawa na kuamuru taa. Programu huria ya Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, inasikia Kiswahili, ila ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti ambazo takriban theluthi mbili zake ni Kiingereza, na hukosea Kiswahili mara nyingi zaidi. Programu ya Piper, inayoipa mashine sauti ya kujibu, ina sauti ya Kiswahili, na imewekewa alama ya Kiswahili cha Kongo. Amri yenyewe ina ugumu wake: washa taa, iwashe, ziwashe, niwashie, zote zina kusudi moja, na programu iliyozoea lugha ambayo kitenzi hakibebi yote hayo huzihesabu kuwa maneno tofauti. Lazima mtu aketi aziandike moja moja.

Nyumba zetu nazo zina mambo yao. Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi utandikaji wa nyaya wa Uingereza: laivu inashuka hadi kwenye swichi na kurudi juu, nyutro inabaki darini. Swichi janja nyingi huhitaji nyutro ili redio zake ziwe hai muda wote, kwa hiyo fundi hufungua kisanduku cha ukutani asiione. Suluhisho la kawaida ni kufunga kifaa juu, kwenye taa yenyewe, baada ya kuzima meni swichi. Kisha kuna kukatika kwa umeme. Balbu nyingi janja, umeme ukirudi saa tisa usiku, huwaka zote kwa mwanga kamili. Mwenye nyumba anapaswa kuweka mapema kwamba zirudi zilivyokuwa.

Ukienda dukani kununua taa, swichi au spika ya aina hii, mwombe muuzaji aikate intaneti mbele yako kisha akiwashe kifaa hicho; kikikataa, usilipe. Na kwa kuwa mashine husikia lugha iliyorekodiwa tu, ingia kwenye Common Voice, mradi wa Mozilla unaokusanya sauti za Kiswahili tangu 2021, usome sentensi chache kwa lafudhi yako, iwe ya Unguja, Nairobi, Lubumbashi au Bujumbura. Kazi hiyo ni bure, inafanyika kwa simu, na rekodi zake zinaweza kutumiwa na yeyote.